Tiketi ya treni ina jina lako na safari huendi tena, unaweza kumpa mwenzio?

Kwenye ukoo wetu mtu akitaka kukata tiketi ya treni ananipigia mimi. Wa harusini, wa msibani, wanaokwenda likizo na watoto, na ofisini nako wameshanizoea kwa hiyo kikao kikiwa mji mwingine tiketi za watu wote zinapita kwenye akaunti yangu. Sasa kuna swali moja linarudi kila msimu, mtu anatuma meseji usiku na safari ni kesho, "aisee mimi siendi tena, mdogo wangu ataenda na tiketi yangu, haina shida eti?"

Shida inaweza ikawepo tena kubwa, na inaweza isiwepo kabisa. Inategemea tiketi yenyewe ni ya aina gani, na hapo ndo wengi wanachanganya mambo kwa sababu wamezoea daladala na mabasi ya mjini ambako ukishalipa umelipa, hakuna anayekuuliza unaitwa nani.

Cha kwanza kabisa, kabla hujamwambia mdogo wako afungashe, fungua tiketi uangalie ina jina au haina. Zipo ambazo hazina, imeandikwa kituo cha kutoka, kituo cha kwenda, tarehe, behewa na kiti basi. Tiketi ya karatasi ya Shinkansen, treni za mwendo kasi za Japani, iko hivyo, ukiinunua dirishani au kwenye mashine haina jina la mtu, kwa hiyo kabla haijatumika ukimpa mwenzio akapita nayo getini hakuna wa kumsumbua. Treni nyingi za karibu, hizi za kwendea kazini na kurudi, nazo ni hivyo hivyo. Ila ikishaanza kutumika ni habari nyingine. Tiketi ikishapita getini au konda akishaitoboa, karibu kila shirika linahesabu ni ya yule aliyeanza nayo, huwezi kushuka katikati ukamwachia mtu mwingine amalizie kipande kilichobaki, na ya kwenda na kurudi huwezi kwenda wewe halafu kurudi akarudi shemeji yako, hata kama haina jina popote.

Hili la vipande lina historia ndefu na mimi huwa nalipenda sana. Marekani karne ya 19 tiketi ya safari ndefu ilikuwa inatoka nafuu ukilinganisha na kuunganisha vipande vifupi vifupi, basi wakazuka walanguzi kazi yao kununua kile kipande ambacho abiria hakutumia na kumuuzia mwingine kwa bei ya chini kuliko ya dirishani. Mashirika yakakasirika, yakaanza kudai sahihi kwenye tiketi, na mengine konda akawa anatoboa matundu pembeni kuonyesha abiria anafananaje, nywele za rangi gani, macho ya rangi gani, pua kubwa au ndogo, ili tiketi ikikutwa kwa mtu mwenye sura nyingine ajulikane papo hapo. Herman Hollerith, yule aliyetengeneza mashine za kadi za matundu zilizohesabu sensa ya Marekani ya mwaka 1890, alieleza mwenyewe kwamba tiketi ya namna hiyo ilimpa wazo alipokuwa safarini. Kwa hiyo ukiona kompyuta inakukatalia kubadilisha jina ujue kompyuta na tiketi ni ndugu wa zamani.

Haya, tuje kwenye zenye jina, maana siku hizi ndo nyingi hasa safari ndefu na treni za mwendo kasi. Watu wanadhani jina linawekwa kwa ajili ya usalama tu, na kweli usalama upo, ikitokea ajali orodha ya majina ndiyo inayosaidia kujua nani alikuwemo. Lakini sababu inayohusu mfuko wako ni biashara. Tiketi ya mapema inauzwa rahisi kisha bei inapanda siku zinavyokaribia, sasa kama tiketi ingekuwa inahamishika kiholela kuna watu wangezoa zote za bei rahisi siku ya kwanza wakazishika, halafu siku ya sikukuu wakuuzie wewe kwa bei wanayotaka. Jina ndilo linalowazuia. Mimi sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni kwa wanaokataa kubadilisha jina na papo hapo hawarudishi hata senti, yaani kiti kinaenda kitupu au kinauzwa mara ya pili na wewe hela imeliwa. Kufunga mlango mmoja sawa, kufunga yote miwili hapana.

Nchi ambayo mimi naona wamelifikiria vizuri kuliko wengi ni India. Pale tiketi iliyothibitishwa, yaani yenye kiti au kitanda kabisa, unaruhusiwa kumhamishia mtu wa familia yako, na familia wameitaja mmoja mmoja: baba, mama, kaka, dada, mtoto wa kiume, mtoto wa kike, mume au mke. Binamu hayumo. Mjomba hayumo. Rafiki wa kufa na kuzikana naye hayumo. Unapeleka maombi ya maandishi kwa msimamizi mkuu wa ofisi ya kukatia tiketi, saa 24 kabla ya muda wa treni kuondoka, ukiwa na kitambulisho na karatasi inayoonyesha undugu wenu, na ukishahamisha mara moja basi, yule uliyemhamishia hawezi tena kumhamishia mwingine. Mtumishi wa serikali anayesafiri kikazi naye anaweza kupisha mwenzake kwa masaa hayo hayo. Halafu kuna makundi, na hapa ndo utaona waliotunga wanaijua jamii yao, msafara wa harusi una kifungu chake, mkuu wa msafara anaandika maombi saa 48 kabla, wanafunzi wa shule au chuo vilevile mkuu wao anaandika saa 48 kabla, ila kwenye kundi hawabadilishi zaidi ya asilimia 10 ya watu wote. Kwenye msafara wa watu 50 hao ni watano. Mtu yeyote aliyewahi kupanga safari ya harusi anajua kuna wajomba wanaghairi dakika za mwisho na kuna mashangazi wanajitokeza hawakuwemo, kwa hiyo hiyo asilimia 10 sio ya bure bure.

Na ukienda kinyume sheria ipo na ina meno. Sheria ya Reli ya India ya mwaka 1989 kifungu cha 142 kinasema asiye mfanyakazi wa reli wala wakala aliyeruhusiwa akiuza tiketi, au akimpa mtu mwingine tiketi yenye kiti kilichohifadhiwa ili asafirie, anaweza kufungwa mpaka miezi mitatu au faini mpaka rupia 500 au vyote viwili, na yule aliyepewa tiketi inachukuliwa na anahesabiwa kama aliyepanda bila tiketi. Umeona hapo, kumpa tu, hata kama hukuchukua hela. Watu wanafikiri kosa ni kuuza kwa faida, kumbe ni kuachia tiketi ikasafiriwa na mtu mwingine bila kupita ofisini.

China wao walimaliza ubishi mapema. Mwaka 2011 wakaanza kudai jina halisi na kitambulisho kwa treni za mwendo kasi, mwaka 2012 mwanzoni wakaweka treni zote, na sasa hivi abiria wengi karatasi hawashiki, kitambulisho chenyewe ndo unakigusisha getini na geti linafunguka. Kuhamisha jina hakuna. Lakini, na hapa ndo nawapa maksi, kurudisha tiketi ni rahisi na makato yanajulikana: ukirudisha siku nane au zaidi kabla ya safari hukatwi kitu, baada ya hapo mpaka yabaki masaa 48 unakatwa asilimia 5, kati ya masaa 48 na 24 unakatwa asilimia 10, chini ya masaa 24 ni asilimia 20. Kiti kinarudi kwenye mfumo, na kuna foleni ya kusubiria ndani ya mfumo wenyewe kwa hiyo aliyekuwa anakihitaji anaweza kukipata bila kupitia kwa mlanguzi. Mdogo wako akatiwe upya kwa jina lake, hasara yako ni hayo makato tu.

Hiyo ya kurudisha kisha kukata upya ndo njia ninayotumia mimi karibu kila mara, na naomba nikae hapo kidogo kwa sababu mpangilio wake unachanganya watu. Usifute kwanza. Ukifuta kwanza halafu ukaenda kutafuta kiti cha mdogo wako unaweza kukuta treni imejaa, na kile kiti ulichokiachia kimenyakuliwa na mtu anayekaa anaangalia simu kama wewe. Angalia kwanza kama viti bado vipo na bei ya leo ni ngapi, piga hesabu: bei ya leo, toa kile utakachorudishiwa. Kama tofauti ni ndogo kata ya jina jipya kwanza, ikishaingia ndo ufute ya zamani. Kama treni imejaa hapo sasa ni bahati, na mimi huwa namwambia mtu ukweli kwamba anaweza kukosa vyote viwili, achague mwenyewe. Na hela inarudi kwa aliyelipa, kwenye kadi ile ile au namba ile ile ya simu iliyotumika kulipia, hairudi kwa mwenye jina. Nimeshasuluhisha ugomvi wa mtu na dada yake juu ya hilo tu, kaka kalipa, dada ndo mwenye jina, tiketi imefutwa, dada anasubiri hela haiji na kaka kanyamaza kimya.

Nchi nyingine nitapita haraka. Ufaransa tiketi za TGV INOUI, treni zao za mwendo kasi, zina jina na hazihamishiki, mkaguzi ana haki ya kutaka kitambulisho. Ujerumani tiketi unayonunua mtandaoni kwenye Deutsche Bahn, shirika lao la reli, inabaki na jina la msafiri, huwezi kuingia ukaandika jina la mtu mwingine, unafuta kama aina ya nauli yako inaruhusu halafu unanunua nyingine. Marekani Amtrak, shirika lao la treni za abiria, wanasema tiketi haihamishiki na wafanyakazi wao wanaweza kudai kitambulisho. Italia wako laini kidogo, kwenye treni zao za mwendo kasi kuna aina za nauli unazoweza kubadilisha jina kabla ya kuondoka, na zile za ofa kali ndo zinakuwa na masharti zaidi. Kwa ujumla ukiona bei imeshuka mpaka unashangaa, jua umelipia na ugumu wa kubadilisha.

Tiketi za kusafiria siku nyingi ndo usithubutu. Interrail, ile ya kuzungukia nchi za Ulaya kwa treni, ina jina na inaenda na namba ya paspoti yako, Japan Rail Pass ya wageni wanaotembelea Japani ni hivyo hivyo, Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya usafiri wa karibu Ujerumani nzima iliyoanza Mei 2023, ni ya mtu mmoja tu. Ila usichukulie kwamba kila tiketi ya mwezi ni ya mtu mmoja, Berlin kwa mfano kuna kadi ya mwezi ambayo inaruhusiwa kuazimana kabisa, leo unaenda nayo wewe kesho mkeo, mradi wakati mmoja anaitumia mmoja. Na masharti yanabadilika, usiendeshwe na ushauri wa zamani. Japani walikuwa na Seishun 18 Kippu, tiketi ya bei nafuu ya treni za kawaida iliyoanza mwaka 1982, siku tano, na siku hizo mlikuwa mnaweza kugawana, watu watano mkasafiri siku moja kwa tiketi moja. Wanafunzi walikuwa wanaitumia hivyo miaka na miaka. Kuanzia msimu wa baridi wa 2024 imekuwa siku zinazofuatana na ni ya mtu mmoja, lakini ukitafuta mtandaoni bado utakuta maelezo ya zamani yamejaa yanakwambia mgawane.

Sasa kuna jambo watu wanalichukulia ni hilo hilo la kuhamisha kumbe sio, nalo ni kosa la jina. Umeandika herufi imekosekana, au umeweka jina la nyumbani badala ya lililo kwenye kitambulisho, au amefunga ndoa jina la ukoo limebadilika. Hilo ni marekebisho, mtu ni yule yule, na mashirika mengi yanarekebisha hata pale ambapo kuhamisha ni marufuku kabisa. Ukipiga simu usiseme "nataka kubadilisha jina", mhudumu akisikia hivyo anakusomea sharti la kuhamisha na anakata simu. Sema jina limekosewa, msafiri ni yule yule, na namba ya kitambulisho ni hii. Na fanya hivyo siku ulipoliona kosa, maana ukisubiri mpaka uko getini na begi mkononi huyo wa getini hana uwezo wa kugusa kitu kwenye mfumo hata akikuonea huruma.

Kinyume chake wapo wanaojaribu kupenyeza kuhamisha kwa mlango wa marekebisho, ndugu wawili jina la ukoo moja, herufi ya kwanza moja, basi wanasema tulikosea tu. Wengine wanapita. Mimi sikushauri, sababu namba ya kitambulisho haidanganyi, na yule anayeenda ndo anabeba aibu ndani ya behewa wewe uko nyumbani umelala. Kuna kijana wa kwetu alipanda na tiketi ya binamu yake, shirika silitaji, mkaguzi alipofika akaomba kitambulisho, akalinganisha, akamwambia hii sio yako. Hakupigiwa kelele wala nini, alilipishwa nauli nzima ya siku ile, ile ya juu kabisa, na adhabu juu yake. Ile tiketi ya binamu ingefutwa siku moja kabla ingerudisha sehemu kubwa ya hela. Walipoteza nauli mbili kwa safari ya mtu mmoja.

Na ile ya kusema "mara nyingi hawakagui" ni kweli, mara nyingi hawakagui. Lakini wanakagua zaidi siku ambazo treni imejaa, ambazo ndo siku hizo hizo watu wanapeana tiketi.

Kwa wanaopanga safari za kundi, hapa nina msimamo. Msikate tiketi za watu wote kwa oda moja kama hamna uhakika wa kila mtu. Ukikata pamoja kwa bei ya kundi, mmoja akijitoa mnaweza kushuka chini ya idadi inayotakiwa na bei ikavurugika kwa wote waliobaki, na mahali pengine mfumo hauruhusu kumfuta mmoja peke yake mpaka upige simu usubiri. Mimi wale wenye uhakika nawaweka pamoja, wale wa "nitaangalia, nitakujulisha" nawakatia peke yao kwa nauli inayorudishika hata kama ni ghali kidogo, na tofauti wanalipa wao. Wanalalamika. Sawa tu. Mahali pengine shirika linakuruhusu kuchukua nafasi za kundi bila majina na kuleta majina baadaye kabla ya siku fulani, uliza hilo kabla hujalipa, maana likiwepo limekuokoa na mengi.

Kununua tiketi ya mtu usiyemjua mtandaoni, kwamba kaghairi safari anauza kwa punguzo, hapo mimi ni hapana. Hata kama haina jina. Ile faili anaweza kuituma kwa watu kumi, msimbo wa kuskani ni mmoja, wa kwanza kufika ndo anasafiri na wengine wote mnaambiwa imeshatumika. Au anakuuzia tiketi halali kabisa, wewe unaiona hata kwenye tovuti ni hai, halafu usiku anaingia kwenye akaunti yake anaifuta na hela inarudi kwenye kadi yake, amekula mara mbili. Hakuna namna ya kujikinga na hilo kwa sababu akaunti ni ya kwake. Kama ni ndugu au mfanyakazi mwenzako ambaye unamjua na tiketi haina jina, ni tiketi ya karatasi na ameitoa mkononi, hiyo nakubali.

Kuna kitu kidogo watu wanasahau, tiketi ya punguzo. Tiketi ya mwanafunzi, ya mzee, ya mtoto, hata kama haina jina inataka mwenye sifa. Bibi akighairi huwezi kwenda na tiketi ya bibi, itabidi uongezee tofauti dirishani kabla ya kupanda, kama wanaruhusu kuongezea, maana wengine wanataka ikatwe upya kabisa.

Na mkishafanikiwa kubadilisha, iwe kwa kuhamisha au kwa kufuta na kukata nyingine, hakikisha anayesafiri ana tiketi mpya kwenye simu yake mwenyewe na amefuta ile skrinishoti ya zamani. Watu wanaonyesha ya zamani getini kwa sababu ndo iko juu kwenye picha, mashine inakataa, wanapaniki, wananipigia mimi saa kumi na moja alfajiri.